Bosi Asilie

Katika ukoo ule hakuna mtu aliyeogopwa kama Bosi, na Bosi alikuwa na miaka mitano, midomo ya zambarau na meno yaliyooza. Akitaka redio izimwe, inazimwa. Akisema shangazi yake ananuka vitunguu, shangazi huyo anakwenda kuoga. Watu wazima wenye ndevu na heshima zao walipita mbele ya mtoto yule wa kike kwa kunyata, na akinyoosha kidole kwenye sahani ya mtu, mwenye sahani anaisogeza mwenyewe huku akitabasamu kinafiki. Sababu ilikuwa moja tu. Bosi hakutakiwa kulia.

Sheria hiyo aliitunga baba yake mkubwa, mtu aliyeitwa Mwenyekiti. Usiulize mwenyekiti wa nini. Zamani aliongoza kamati ya klabu ya mpira ya mtaani kwa msimu mmoja, timu ikashuka daraja, klabu ikafa, yeye akaondoka na cheo. Tangu hapo hakuna kikao cha ukoo kilichofunguliwa kabla hajakohoa. Alikuwa na kipaji cha pekee: akisikia jambo la maana limesemwa na mtu mwenye akili, analichukua, analitafuna, na likitoka tena kinywani mwake limekuwa upuuzi.

Ndivyo ilivyokuwa kwa jambo la moyo. Daktari wa kliniki aliwaeleza vizuri kabisa. Mtoto amezaliwa na tundu kati ya vyumba viwili vya moyo, na njia ya kupeleka damu kwenye mapafu imebana, kwa hiyo damu chafu inachanganyika na safi na kuzunguka mwilini hivyohivyo. Ndiyo maana midomo na kucha ni zambarau. Mpaka siku ya upasuaji, alisema daktari, wajitahidi asilie kwa muda mrefu, maana akilia sana ile njia inabana zaidi na anaweza kuzimia. Ikitokea, wamkunje magoti yafike kifuani, wamtulize, wakimbie hospitali. Hayo tu. Mwenyekiti, aliyekuwa ameketi pembeni akichezea simu, alisikia neno moja: asilie. Jioni ile akaitisha kikao, akakohoa, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mtoto asilie, iwe isiwe, na atakayemliza atajibu mbele ya ukoo mzima.

Haikuchukua muda wakagundua dawa ya kutolia. Dawa ilikuwa pipi. Bibi alizifunga kwenye pindo la khanga, shangazi alizitia kwenye pochi, na Mwenyekiti mwenyewe alijaza mifuko ya koti mpaka akitembea anasikika. Mtoto akikunja uso, pipi. Akiamka vibaya, pipi. Akilala, chupa ya maziwa yenye sukari inabaki mdomoni mpaka asubuhi. Mswaki ulimliza, basi mswaki ukapigwa marufuku. Na mtoto alipokuwa akitembea kidogo kisha anachuchumaa kutafuta pumzi, Mwenyekiti aliwaeleza wageni kwamba huyu amezaliwa na adabu zake, anajishusha mbele ya wakubwa.

Mama yake Bosi alikuwa mshonaji wa sare za shule, na mtaa mzima ulimwita Fundi. Alikuwa mwanamke wa kumtazama mtu mara moja akajua kiuno chake na akili zake, na katika ukoo wa mumewe alishapima wote. Mara kadhaa alijaribu kumsugua mtoto meno. Mara ya mwisho mama mkwe alimpokonya mswaki mkononi, akamuuliza kama anataka kuua mtoto kwa ajili ya usafi. Fundi akanyamaza. Alikuwa na sare za shule nzima za kushona, alikuwa amechoka, na hakuna kitu kinachochosha kama kubishana na watu wanaoamini kwamba wanakupenda. Alijidharau kwa kunyamaza huko, lakini hiyo haikumzuia kuwadharau wao zaidi.

Siku ya kulazwa ilipofika aliingia wodini na beseni, chupa ya chai na mtoto mgongoni. Ilikuwa wodi ya watoto wa moyo peke yao. Ukutani walichora samaki wenye miwani, na kila kitanda kilikuwa na mama yake, amekaa pembeni kama mlinzi. Watoto waliokwisha kupasuliwa walitembea na mstari mrefu katikati ya kifua, wakikimbizana na nguo wazi mgongoni, na Fundi aliwatazama kwa wivu ambao hakujaribu kuuficha. Muuguzi akambana Bosi kidole kwa kibanio cha kupimia oksijeni. Namba ikaonekana kwenye kioo. Muuguzi akaitazama, akamtazama mtoto, akaenda kumwita daktari.

Daktari wa upasuaji alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa mara ya kwanza. Alimsikiliza Bosi kifua na mgongo. Alimtazama vidole, ambavyo ncha zake zilikuwa zimevimba. Kisha akamwambia afungue mdomo.

Bosi akasema hataki. Daktari akasema sawa, akaketi kwenye ukingo wa kitanda akaanza kufuta miwani yake. Hakubembeleza. Hakutoa kitu mfukoni. Bosi hakuwahi kumwona mtu mzima wa namna ile, akapigwa na butwaa, na kwa ule mshangao mdomo ukafunguka wenyewe. Daktari akamulika tochi. Akatazama muda mrefu, akazima.

"Mama, kesho haingii kwenye upasuaji wa moyo," alisema.

Akamweleza Fundi, polepole na bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko ukali. Meno ya mbele yamebaki vijiti vyeusi, na nyuma kuna magego yenye usaha. Uchafu ule unaingia kwenye damu. Akimtia kiraka kwenye moyo kesho, wadudu wa meno watasafiri na damu wakae kwenye kiraka, na hapo atakuwa ameshona moyo na kuualika ugonjwa ndani yake. Kwa hiyo meno kwanza. Yatatolewa kwenye chumba cha upasuaji, mtoto akiwa amelala, na daktari wa usingizi atakuwa yuleyule wa wagonjwa wa moyo. Ufizi ukipona, ndipo moyo. Kesho kuna nafasi ya kutoa meno, ila wazazi wakubali leo. Wakichelewa atawapa wengine, na wao watarudi mwisho wa foleni.

"Na nikwambie ukweli," akamalizia, "sidhani kama huyu ana muda wa kukaa mwisho wa foleni."

Fundi hakulia. Alihisi hasira ikimpanda kutoka miguuni, hasira iliyokuwa na sura, koti na kikohozi. Aliikumbuka mifuko ile iliyokuwa ikilia chakachaka kila Mwenyekiti anapoingia ndani, na ukoo mzima ukimsifu kwamba hakuna kama yeye kwa kupenda watoto.

Mume wake alikuja mchana akitoka kazini. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, safi, asiyekunywa, asiyepiga, na asiyeamua. Muuguzi akamweleza yaleyale, akampa karatasi ya kukubali na kalamu. Akaishika kalamu vizuri kabisa. Akaisogeza mpaka karibu na karatasi. Kisha akasema, "Ngoja kidogo nimpigie kaka."

Kuna wanaume wanaozaliwa na uti wa mgongo, na kuna wanaozaliwa na kaka. Fundi aliishi na huyu wa pili miaka mingi, akampikia, akamfulia, akamzalia, na mpaka siku ile hakuwahi kuchukia upole kama alivyouchukia pale, karibu na samaki wenye miwani. Akamwambia mzazi ni yeye, si kaka yake. Mumewe akaitikia kwamba ndiyo, ni kweli kabisa, na huku simu iko sikioni.

Wakati wa kuona wagonjwa Mwenyekiti aliwasili na msafara. Walikuwepo bibi mtu, shangazi mtu, na jirani mmoja ambaye hakuwa na uhusiano wowote na mgonjwa ila alipenda sana hospitali. Mwenyekiti alivaa suti. Hakumwendea mtoto kwanza. Aliwakusanya watu kwenye korido, karibu na mlango wa wodi, akasimama mahali ambapo wauguzi wanapita na vitoroli, akakohoa. Kikao kikafunguliwa.

Alianza kwa kusema kwamba hapingi utaalamu. Watu wakatikisa vichwa kuonyesha kwamba nao hawaupingi. Kisha akasema kwamba hata hivyo kuna mambo ya akili ya kawaida tu.

"Moyo uko wapi? Kifuani," alisema. "Meno yako wapi? Mdomoni. Na hapa katikati kuna shingo. Sasa mtu aniambie, hayo meno yanafikaje huko?"

Jirani akasema hapo umenena. Mwenyekiti akachangamka. Akasema hii ni mbinu, nafasi ya mtoto wetu imepewa mtoto wa mkubwa fulani, na meno yametafutwa tu kama kisingizio. Akapendekeza mtoto asukutue kwa maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi apasuliwe moyo kama ilivyopangwa, na suala la meno lifuate utaratibu wake baadaye. Wakikataa, ukoo umchukue mtoto nyumbani ukajadili upya. Bibi mtu akaanza kufuta machozi, akauliza tangu lini mtu anang'olewa meno asilie, na akilia si ndiyo kufa kwenyewe, na nani atajibu. Mume wa Fundi alikuwa akiitikia kila neno. Mwenyekiti akisema, anaitikia. Mama yake akisema, anaitikia. Fundi akamwambia mtoto akirudi nyumbani hatarudi tena hapa akiwa hai, na hilo nalo akaliitikia. Kalamu ilikuwa bado mkononi mwake.

Fundi alipowatazama wote pale, alijiuliza jinsi watu wengi kiasi kile wanavyoweza kukosa akili kwa pamoja, bila hata mmoja kupotea njia na kusema jambo la maana kwa bahati mbaya. Akageuka kurudi kwa mwanawe.

Ndipo Bosi alipoliona koti la baba yake mkubwa mlangoni. Tangu asubuhi muuguzi alikuwa amemnyima pipi, na amri zake zote wodini hazikutekelezwa hata moja. Akaketi kitandani, akanyoosha mkono, akaagiza pipi. Muuguzi akasema hapana. Bosi akaagiza tena kwa sauti kubwa. Muuguzi akasema tena hapana. Basi Bosi akalia.

Akalia kwa nguvu za mtu aliyeonewa siku nzima. Midomo ikawa zambarau iliyokolea, kisha ikawa na rangi ya majivu, na mashine ya kidole ikaanza kuita. Msafara ukaparamia ndani. Bibi akapiga magoti. Shangazi akashika kichwa. Mwenyekiti akasukuma kila mtu, akafika kitandani wa kwanza, na kwa mkono uliozoea kazi hiyo akamenya pipi akamtia mtoto mdomoni.

Shingo ya mtoto ikalegea pipi ikiwa bado mdomoni.

Fundi hakujua alifikaje. Alimpiga kikumbo shemeji yake akaangukia meza ya dawa, akaingiza kidole nyuma ya ulimi wa mwanawe, akaitoa ile pipi, akaitupa. Akamkunja magoti mpaka yakagusa kifua, akambana hivyo, mgongo wa mtoto kwenye tumbo lake, akamsemesha sikioni maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka hata moja. Muuguzi akaweka oksijeni. Daktari wa zamu akaja mbio na sindano. Mashine iliita, ikaita, na Fundi hakuitazama, alitazama kucha za mwanawe tu. Polepole sana zikatoka kwenye weusi zikarudi kwenye zambarau yake ya kila siku. Hakuwahi kufikiri kwamba ipo siku atafurahi kuiona rangi ile.

Akina mama wa vitanda vingine walikuwa wamesimama. Mwenyekiti akajikung'uta suti, akaweka tai sawa, akawageukia watu wake.

"Mnaona?" alisema. "Si nilisema asilie?"

Fundi akainua uso.

"Shemeji," alisema, na hakupandisha sauti. "Mwanangu alikuwa anakufa mikononi mwangu, na wewe ukamziba koo kwa pipi. Meno yake umeyaozesha wewe. Leo ulitaka kummalizia na pumzi. Toka nje, na ukikohoa kabla hujafika mlangoni, nitawaita walinzi wakutoe kama wanavyotoa wezi."

Mwenyekiti akatafuta macho ya wenzake, na kwa mara ya kwanza kila mtu alikuwa na kitu cha kutazama sakafuni. Hata jirani. Akatoka. Alipofika korido alikohoa, lakini hapo alikuwa mbali, na kikohozi chenyewe kilikuwa kidogo.

Daktari wa upasuaji alifika wakati huo, akamtazama mtoto, akauliza mzazi ni nani, atoe jibu. Fundi akamwambia mumewe ampe kalamu. Mumewe akauliza kwa sauti ya chini kaka atasema nini. Fundi alimtazama kama anavyotazama kitambaa kilichochuja kwenye maji ya kwanza, akaichukua kalamu kutoka kwenye vidole vyake, akatia sahihi mwenyewe. Kumbe sahihi ya mzazi mmoja ilitosha muda wote ule, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Meno yaling'olewa kesho yake, karibu yote. Bosi aliamka na mdomo uliovimba, akakuta ulimwengu umebadilika. Aliamuru, na hakuna aliyetii. Wauguzi walikuwa wapole lakini hawakuogopa mtu. Mtoto wa kitanda cha jirani, aliyekwisha kupasuliwa, alimwambia wazi kwamba ana mdomo kama kikongwe. Bosi alitafakari kulia, akaona hakuna mteja, akaacha. Kuna siku alisema tafadhali. Muuguzi akaenda kuwaita wenzake waje kusikia.

Mumewe Fundi alikuwa akija kila jioni, peke yake. Hakuleta salamu za kaka. Aliketi, akaponda papai kwa kijiko, akamlisha mwanawe, kisha akamsafisha ufizi kwa kitambaa na maji kama muuguzi alivyomwelekeza. Bosi akimkunjia uso, anasubiri ukunjuke, anaendelea. Fundi aliyaona hayo yote akakataa kuvutiwa nayo. Alijiambia hata mbuzi akifungwa kamba fupi anatulia. Alikuwa na akiba kubwa ya dharau, na hakukusudia kuipunguza kwa sababu ya papai.

Siku ya moyo ilikuja. Walimchukua asubuhi, akiwa amesinzia kwa dawa, na mlango ukafungwa. Fundi aliketi kwenye benchi la korido, mumewe pembeni yake. Na kwa kuwa hakuna mahali penye tukio panapomkosa Mwenyekiti, naye alitokea, akakaa mbali kidogo na shemeji yake kwa usalama, akaanza kupiga simu. Alipigia kila mtu. Kwa mmoja alisema tumeshamfungua kifua. Kwa mwingine alisema moyo tumeusimamisha, kazi inafanywa na mashine, sasa hivi tunaweka kiraka. Kila neno lilikuwa tumefanya, tumefanya, kana kwamba ana glovu mkononi, na yeye akiona damu ya pua anatafuta kiti.

Siku nyingine Fundi angecheka. Lakini alilisikia lile neno, moyo tumeusimamisha, akajua kwamba huenda ni kweli. Huenda dakika ile moyo wa mwanawe ulikuwa umetulia kabisa mikononi mwa yule mwanamke mfupi, hauendi, unasubiri kushonwa. Dharau yake yote, iliyomshika wima miaka ile, ikamwishia papo hapo. Haikumfaa kitu. Aliogopa. Alitaka mtoto wake arudi, hata akiwa Bosi, hata akiamuru nyumba nzima mpaka uzee. Mumewe akamshika mkono. Hakuutoa.

Jua lilikuwa limeshapinda daktari alipotoka, barakoa ikining'inia shingoni, alama za kamba mashavuni. Aliipita ile suti na simu yake, akasimama mbele ya Fundi.

"Tundu nimeliziba. Njia nimeipanua," alisema. "Moyo umeanza wenyewe, mama."

Wakaruhusiwa kumwona mmoja mmoja, katika chumba cha wagonjwa mahututi. Alikuwa mdogo kuliko alivyomwacha, na mirija kila mahali, na plasta ndefu kifuani. Fundi hakutazama hayo. Aliinama kwenye kucha. Mtu aliyeshika vitambaa maisha yake yote, aliyejua jina la kila rangi dukani, alisimama pale hana neno. Zilikuwa nyekundu kidogo kwa chini, kama kucha za mtu yeyote. Alizitazama mpaka muuguzi akamwomba ampishe.

Bosi aliporudi nyumbani, Mwenyekiti aliitisha hafla ya shukrani. Asingeacha kuiitisha hata kama angefungwa minyororo. Viti vilipangwa sebuleni, jirani akaja wa kwanza, bibi akavaa nguo mpya. Fundi alikubali kuhudhuria kwa sababu nyumba ilikuwa yake na asingeweza kuikimbia. Mwenyekiti akasimama. Alikuwa amenenepa kidogo. Akakohoa, akashukuru wote, akaanza kueleza safari ndefu ya ukoo katika suala la moyo. Na alipofika kwenye meno, bila kupepesa jicho, akasema, "Kulikuwa na watu, sitawataja, waliotaka moyo upasuliwe meno yakiwa yameoza. Mimi nikakataa. Nikasema meno kwanza. Mwili ni kitu kimoja."

Wakapiga makofi. Bibi alipiga makofi. Jirani alipiga mpaka mikono ikamwasha. Fundi aliwatazama waliokuwepo kwenye korido siku ile, wakipiga makofi kwa nguvu kuliko wasiokuwepo, akahisi heri angekuwa na mkasi wake hapo karibu, apate tu kitu cha kushika.

Bosi alikuwa ameketi kwenye mkeka. Hotuba ilimchosha. Akasimama, kifua mbele, akatumia sauti yake ya zamani.

"Baba mkubwa, nyamaza. Nataka redio."

Zamani angenyamaza katikati ya neno. Lakini alikuwa amelewa makofi, na wageni walikuwa wanamtazama, na palepale Mwenyekiti akaisahau sheria aliyoitunga mwenyewe.

"Kaa chini, mtoto mkorofi," alifoka. "Wakubwa wanaongea."

Hakuna aliyewahi kumwambia Bosi akae chini. Alitazama huku na huku kama mtu aliyepigwa kofi gizani. Mdomo ukafunguka mpana, ufizi mtupu, akalia.

Watu wakakauka. Bibi akaanguka magotini. Shangazi akaita gari, gari, iletwe gari. Mwenyekiti akawa na uso wa majivu, akageuka huku na huku akisema mpeni kitu, jamani, mpeni chochote. Fundi alikuwa ameshanyanyuka nusu, mikono mbele, tayari kwa kumkunja magoti. Ndipo akaona midomo. Ilikuwa nyekundu. Mtoto alilia, akavuta pumzi, akalia tena kwa nguvu zaidi, na midomo ikazidi kuwa nyekundu.

"Kaeni."

Sauti ilitoka kwenye kona, na ilichukua muda watu kumjua mwenye nayo, maana hawakuwahi kuisikia ikiamuru. Mume wa Fundi alikuwa amesimama.

"Kaeni wote. Mwacheni mtoto alie."

"Lakini mdogo wangu," alianza Mwenyekiti, "mimi kama..."

"Kaka, nimekwambia kaa."

Mwenyekiti akaketi. Kiti kikalalamika, kisha hakikusikika tena. Shangazi akaacha kuita gari. Katikati ya mkeka Bosi aliendelea kulia kwa hasira, bila kuzuiwa, kwa sababu amenyimwa redio.

Fundi alishuka taratibu akaketi sakafuni mbele yake. Miaka yote ile kilio cha mwanawe kilikatwa kila kilipoanza, na yeye mwenyewe hakuwahi kukisikia kikifika mwisho. Kilikuwa kikubwa na kibaya, na kila pumzi ilipokaribia kuisha kilitoa mlio mwembamba ambao hakujua kama mtoto wake anao. Aliweka mikono mapajani asije akamgusa, akakisikiliza chote.